Usingizi wa Kununua



Hivi karibuni tulikuwa Bisibo, tumealikwa na jumuiya ndogo ndogo moja tuzungumze juu ya ugonjwa wa kisukari. Tulisema tuliyokuja kusema, watu wakauliza, tukajibu. Tulipokuwa tunaagana, mama mmoja mwenye umri wa bibi alituvuta pembeni kwenye migomba, akasema: “Wanangu, sukari mmetueleza, tunashukuru. Sasa nielezeni usingizi. Mzee wangu halali mpaka anywe.”

Tukamwuliza anakunywa nini. “Gongo. Kikombe kimoja kila siku saa tatu usiku. Zamani kilikuwa nusu.”

Basi tulikaa tena. Mama alieleza kwamba mumewe si mlevi wa kupiga watu wala wa kuuza mabati ya nyumba. Mchana ni mtu wa shamba lake na wa kanisani. Lakini mwaka 1994, akiwa bado kijana, alikwenda Rusumo kumsaidia mjomba wake kuuza ndizi. Watu wa umri wetu wanaikumbuka miezi ile. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu, na kambi ya Benaco ikazaliwa kabla ya ulimwengu kujua Benaco ni wapi. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa unateremsha maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Kijana yule aliyaona hayo siku baada ya siku. Aliporudi nyumbani hakusimulia. Ila usiku ukawa adui yake. Siku akikosa gongo hupiga kelele akiwa amelala, hurusha mikono, hata mama amewahi kupigwa ngumi ya jicho na mtu ambaye asubuhi hakumbuki lolote. “Kwa hiyo,” mama akasema huku akitazama chini, “siku hizi kikombe namimina mimi mwenyewe.”

Tulimpa jibu fupi palepale, nalo tutalieleza mwishoni. Lakini tulimwahidi kuandika kwa urefu, maana tunajua nyumba hiyo si peke yake. Katika wilaya hizi mbili, Ngara na Biharamulo, wapo wengi wanaonunua usingizi kila jioni: kwa gongo, kwa bangi, kwa vidonge. Wachache wameelezwa ni kitu gani hasa wanachokinunua.

Mtu aliyelala hajazimika

Wengi wetu tunadhani kwamba mtu akilala amezimwa kama chemli, na asubuhi anawashwa tena. Hata waganga wakubwa wa zamani walidhani hivyo. Mwaka 1929 daktari wa Kijerumani, Hans Berger, alitangaza kwamba ameweza kupima umeme mdogo sana unaotoka katika ubongo wa mtu, kwa kubandika vipande vya madini kichwani. Tangu hapo ikawezekana kumchungulia mtu aliyelala bila kumwamsha. Ikaonekana kwamba ubongo haulali hata kidogo kwa maana ya kuacha kazi. Hubadilisha kazi tu, kama wodi ya hospitali usiku: taa zimepunguzwa, wageni wamefukuzwa, lakini wauguzi wako mbioni.

Mwaka 1953 kule Chicago, mwanafunzi Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walieleza jambo ambalo mama yeyote aliyelala na mtoto mchanga angeweza kuwaambia, yaani kwamba kuna nyakati za usiku ambapo macho ya aliyelala huchezacheza chini ya kope. Wao walifanya zaidi: waliwaamsha watu nyakati hizo na kuwauliza. Wengi walisema walikuwa wanaota.

Leo tunajua kwamba usiku huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Mtu huanza na usingizi mwepesi, akazama katika usingizi mzito ambao hata radi haimwamshi, kisha akapanda hadi usingizi wa ndoto, halafu mzunguko unaanza upya. Usingizi mzito umejaa zaidi mwanzo wa usiku. Huo ndio wa mwili: kwa watoto, sehemu kubwa ya kichocheo cha kukua hutolewa wakati huo. Usingizi wa ndoto umejaa zaidi kuelekea alfajiri. Huo, kwa kadiri wataalamu wanavyoona, una sehemu kubwa katika kupanga kumbukumbu na kupoza mambo yaliyotuumiza moyo. Mtoto wa darasa la saba anayekesha na kibatari usiku wa kuamkia mtihani anajinyima kitu kilekile anachokitafuta, kwa kuwa somo la jioni hukaa vizuri kichwani wakati amelala.

Wakati wa ndoto mwili hufungwa. Ubongo hutuma amri ya kulegeza misuli karibu yote, isipokuwa ya macho na ya kupumulia, ili mtu anayeota anakimbia asikimbie kweli akajigonga ukutani. Tafadhali likumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Saa ngapi zinatosha? Watu wazima wengi wanahitaji saa saba hivi au zaidi, watoto wa shule tisa hadi kumi na mbili. Lakini wazee wasiogope wakiamka usiku. Wenzetu Wahadzabe, wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi bila umeme wala saa ya ukutani, walipimwa na wataalamu kwa vifaa vidogo vya kuvaa mkononi. Katika taarifa iliyotoka mwaka 2015, wao na jamii mbili nyingine za wawindaji na wakulima wadogo, za kusini mwa Afrika na Bolivia, walionekana kulala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na hawakulala jua likizama bali saa tatu na zaidi baada ya hapo. Taarifa nyingine, ya mwaka 2017, ilitufurahisha zaidi. Wahadzabe 33 walifuatiliwa kwa siku 20, na katika muda huo wote zilipatikana dakika 18 tu ambapo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Daima palikuwa na mtu macho, na mara nyingi wazee waliwahi kulala na kuamka, na vijana walichelewa. Watafiti walidhani kwamba huenda ndivyo binadamu walivyolindana tangu kale. Kwa hiyo babu anayeamka saa tisa usiku, akasali, akasikiliza mbwa, kisha akalala tena, hana ugonjwa. Tusimpeleke kununua vidonge.

Kikombe cha saa tatu

Sasa turudi kwa gongo. Ni kweli kwamba pombe huleta usingizi haraka. Hilo hatuwezi kulikana, na anayelikana mbele ya mnywaji atachekwa. Pombe hupoza ubongo kama maji juu ya moto. Tatizo ni saa zinazofuata.

Katika nusu ya kwanza ya usiku pombe huzuia usingizi wa ndoto. Mtu hulala kama gogo, naye husema: “Unaona? Nimepona.” Lakini ini halilali. Linaendelea kuichoma pombe, na ifikapo saa saba au saa nane usiku kazi imekaribia kwisha. Ubongo, uliokuwa umekandamizwa, sasa hupanda ghafla kama tawi lililopindwa likaachiwa. Moyo unadunda, jasho linatoka, mkojo unambana, kiu imemkamata. Na ndoto zilizozuiwa mwanzoni hurudi zote kwa pamoja, zikiwa na nguvu mara mbili. Huyu mzee wetu hunywa ili asiote. Kumbe anaziweka ndoto benki, nazo zinalipwa na riba alfajiri. Mama alituthibitishia: kelele huanza “jogoo wa kwanza akikaribia.”

Aidha, pombe hulegeza koo. Anayekoroma hukoroma zaidi, na wengine husimama kupumua kwa sekunde kadhaa, mara nyingi kwa usiku mmoja, bila wao kujua. Asubuhi kichwa kinauma na mchana wanasinzia. Ndugu wakiona mtu anakoroma kisha ananyamaza kabisa, halafu anashtuka kama aliyekuwa anazama majini, wamweleze daktari.

Jambo la pili ni kwamba ubongo huzoea. Nusu kikombe hakitoshi tena, kinakuwa kimoja, kitakuwa viwili. Si kwa sababu mtu amekuwa mbaya. Ndivyo ubongo ulivyoumbwa: ukikandamizwa kila siku, hujikaza kila siku.

Na hapa tunaomba msomaji asome polepole, kwa kuwa nia njema imekwisha kuua watu. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Ubongo uliojikaza kwa miaka ukiondolewa pombe mara moja hufyatuka. Saa chache za kwanza mikono hutetemeka na jasho hutoka. Siku ya kwanza au ya pili anaweza kupata degedege kama la kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa kabisa: wanaona wadudu ukutani, wanazungumza na watu wasiokuwepo, joto la mwili linapanda. Hali hiyo yaweza kuua. Tumewahi kusikia familia zikisema “pepo la pombe linatoka” na kumfungia mgonjwa chumbani akiombewa. Sala ni njema, lakini mgonjwa huyo ni wa hospitali, na ni siku hiyohiyo. Hospitalini kuna dawa za kumshusha taratibu, na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wamepungukiwa na ambayo ikikosekana ubongo huharibika moja kwa moja.

Juu ya hatari nyingine ya gongo, kwamba hakuna ajuaye nguvu yake wala kilichochanganywa ndani, hatutaandika mengi. Yatosha kusema kwamba spiriti mbaya ikiingia humo, watu hupofuka au hufa, na pua haiwezi kuitofautisha.

Bangi, vidonge, na kahawa yetu

Vijana hutuambia: “Basi bangi ni afadhali, ni majani tu.” Mkojo wa ng’ombe nao ni maji tu. Bangi hufanya jambo linalofanana na la pombe: hupunguza usingizi wa ndoto. Mtu anayevuta kila siku huona kwamba haoti tena, naye hufurahi, hasa kama ana mambo anayoyakimbia. Siku akiacha, ndoto hurudi kwa kishindo kwa wiki kadhaa, usingizi unakatika, hasira ziko karibu, naye husema: “Unaona, bila bangi siwezi kulala.” Anachokiona si ugonjwa wake wa zamani, ni deni. Avumilie, litakwisha. Kwa mwenye umri mdogo, ambaye ubongo wake bado unajengwa, kuna hatari zaidi: wanaoanza mapema na kuvuta sana wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kushuku kila mtu. Si kila mvutaji ataupata. Lakini katika ukoo ambao tayari una mgonjwa wa akili, huo ni mchezo wa kuwasha kiberiti kwenye nyumba ya nyasi. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inaikataza bangi, na mirungi vilevile.

Vidonge vya diazepamu, ambavyo wengi bado huviita Valium, ni dawa ya kweli na huokoa maisha ya mwenye degedege. Kama dawa ya usingizi vina nafasi ndogo na ya siku chache. Vikitumiwa kila usiku kwa wiki chache, mwili huvizoea, na kuviacha ghafla kwaweza kuleta degedege kama kuacha pombe. Wazee huamka usiku wakiwa wamelewa navyo, wakaanguka, wakavunjika nyonga. Na kidonge pamoja na gongo huweza kusimamisha pumzi ya mtu akiwa amelala. Asiyeandikiwa na daktari asivinunue, hata kama mwenye duka ni shemeji yake.

Upande wa pili wapo wanaonunua kukesha. Madereva wa malori yaendayo Rusumo wanaijua mirungi, ingawa hawapendi tuiandike. Sisi wengine tuna kahawa. Katika mkoa wetu wa Kagera kahawa haikungoja kikombe: tangu zamani Wahaya huchemsha buni na majani ya harufu nzuri, huikausha, na mgeni hupewa punje za kutafuna. Ni desturi nzuri na hatuigusi. Ila tujue kwamba kahawa yetu nyingi ni robusta, ambayo ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Kafeini haitupi nguvu mpya. Hukaa tu katika ubongo mahali ambapo kemikali ya uchovu ingekaa, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake, na nusu yake bado imo mwilini saa tano hivi baadaye. Anayetafuna buni saa kumi na mbili jioni kisha analalamika saa tano usiku kwamba kalogwa usingizi, aanze kuchunguza mfuko wake wa shati.

Tuongeze neno juu ya dawa za hospitali, kwa sababu tumeona watu wakiogopa bure. Mgonjwa anayepasuliwa kwa nusu kaputi ya ketamini anaweza kuzinduka akisema maneno ya ajabu au kusema alikuwa anaelea juu ya kitanda. Dawa hiyo hutenganisha fahamu na mwili kwa muda. Maneno yale huisha baada ya saa chache, wala mtu asiyachukue kuwa ufunuo au siri ya familia. Hali kadhalika wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU wanakumbuka efavirenzi, iliyokuwa katika mchanganyiko wa kidonge cha usiku kwa miaka mingi. Iliwapa wengi ndoto kali zenye rangi, na baadhi waliacha dawa wakidhani wanarogwa. Tangu mwaka 2019 Tanzania ilianza kuwahamishia wagonjwa kwenye dolutegravir. Hii nayo huwakosesha usingizi baadhi ya watu. Dawa ni kuimeza asubuhi badala ya jioni, baada ya kumwuliza mhudumu wa kliniki. Asiache mtu kidonge kwa sababu ya ndoto.

Jinamizi halina jina la jirani

Tuliomba mkumbuke kwamba mwili hufungwa wakati wa ndoto. Mara nyingine kufuli huchelewa kufunguka. Mtu anaamka, macho yanaona chumba, anasikia watoto wakipumua, lakini hawezi kuinua hata kidole. Kifua kinakandamizwa. Ndoto haijaisha kabisa, hivyo inaendelea kuchora juu ya chumba halisi: mtu mweusi mlangoni, bibi kizee aliyekalia kifua. Hudumu sekunde au dakika chache, kisha huachia. Hili ndilo wazee wetu waliloliita jinamizi. Watu wa Japani wanalo jina lake, na watu wa Kanada mashariki nao wanasimulia habari za kizee anayekalia kifua. Watu wa mbali namna hiyo, ambao hawajawahi kugombania mpaka wa shamba na jirani zetu, wanaona kitu kilekile. Huwapata zaidi waliokosa usingizi, wanaolala chali, na wanaobadilisha saa za kulala.

Kwa nini tunalisisitiza? Mwaka 1995 Zanzibar nzima ilikumbwa na hofu ya Popobawa, anayesemekana kuja usiku na kuwakandamiza watu vitandani. Familia zililala nje zimekusanyika uani. Katika hofu ile mtu mmoja, mgonjwa wa akili, alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na kundi la watu. Na sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna haki ya kuwanyoshea kidole Wazanzibari, kwani tunajua ni vikongwe wangapi wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wameuawa kwa sababu fulani alimwona usiku. Aliyemwona usiku, alimwona kwa ubongo uliokuwa nusu ndotoni. Ushahidi huo hautoshi hata kumtuhumu kuku.

Ukipatwa na jinamizi, usipigane nalo. Vuta pumzi taratibu, jaribu kuchezesha ncha ya kidole au ulimi, litaachia. Kisha geuka ulale ubavu.

Ndoto yenye tarehe

Jinamizi ni jambo moja. Ndoto ya mzee wa Bisibo ni jingine. Ndoto yake haibuniwi. Ni kitu kilichotokea, kinachorudi kilevile, na harufu yake.

Tunavyoelewa leo, jambo la kutisha kupita kiasi halihifadhiwi kichwani kama habari nyingine. Harusi ya miaka thelathini iliyopita tunaikumbuka na mwaka wake, na mahali, na kilichotangulia na kilichofuata. Lakini hofu kuu huhifadhiwa vipande vipande: sauti ya maji, rangi ya nguo, moyo unavyodunda. Haina tarehe. Kwa hiyo inaporudi haiji kama jambo la zamani, inakuja kana kwamba ni sasa hivi. Mtu huishi nayo kwa kuikimbia, mchana kwa kunyamaza na usiku kwa kunywa, na anavyoikimbia ndivyo isivyopata nafasi ya kupangwa.

Habari njema zilitoka jirani kabisa, kambi ya Nakivale huko Uganda kusini-magharibi, wanakokaa wakimbizi wa Rwanda, Somalia na kwingineko. Frank Neuner na wenzake waliwafundisha watu wa kawaida, wakimbizi wenyewe wasio madaktari, namna ya kumsikiliza mtu. Mgonjwa husimulia maisha yake tangu kuzaliwa, kwa mpangilio, mema na mabaya. Akifika kwenye lile jambo, haruki. Hulisimulia polepole: ilikuwa mwezi gani, ulisimama wapi, ulisikia nini, mwili unahisi nini sasa. Msikilizaji huandika, na siku inayofuata humsomea, naye husahihisha na kuendelea. Katika taarifa ya mwaka 2008, iliyohusu wakimbizi 277, baada ya miezi tisa hivi watu saba kati ya kumi waliosimulia maisha yao namna hiyo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa. Waliopata ushauri wa kawaida kutoka kwa wasikilizaji walewale walikaribia hapo, asilimia 65. Miongoni mwa walioangaliwa tu bila tiba, ni asilimia 37. Vikao vilikuwa sita tu.

Hatusemi kila mtu amkamate mgonjwa na kumlazimisha aseme. Kulazimisha huumiza. Wala si kazi ya kikao cha jumuiya mbele ya watu ishirini na watoto mlangoni. Ni mtu mmoja anayeaminika na kufundishwa, mahali pa faragha, mchana, na muda wa kutosha ili msimulizi asiachwe katikati ya mto.

Kuna jingine dogo ambalo mtu anaweza kulijaribu mwenyewe kwa ndoto mbaya zinazojirudia. Mchana, akiwa macho, achague ndoto moja, isiwe ile kali kuliko zote, aibadilishe mwisho wake apendavyo: mlango unafunguka, kaka anafika na taa, mto unakauka. Kisha airudie hadithi hiyo mpya kichwani dakika kumi kila siku kwa wiki mbili au tatu. Yaonekana kama mchezo wa watoto, lakini imepimwa na huwasaidia wengi.

Kwa anayekosa usingizi bila ndoto mbaya: aamke saa ileile kila siku, hata kama alikesha, na hata Jumapili. Asiende kitandani kabla usingizi haujamjia kwa kudhani atauwahi. Akikaa macho muda mrefu kitandani ainuke, akae kwenye kigoda, arudi akisinzia. Simu, ambayo siku hizi inalala katikati ya baba na mama kama mtoto wa tatu, ilale sebuleni.

Wakati wa kukimbia

Yote hapo juu yanaweza kungoja wiki. Haya hayangoji. Mtu aliyebadilika fahamu ghafla, anayesema ovyo, asiyeamka vizuri, hasa akiwa na homa, si wa kulazwa aone kesho. Yaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au kwa mwenye kisukari, sukari iliyoshuka. Kwa mtoto saa chache hutenganisha kupona na kaburi.

Na kwa walioingia mapori yetu kuchunga, kukata mbao au kutafuta asali: mbung’o wapo. Aliyekuwa na homa za kurudiarudia, kisha akaanza kusinzia mchana na kukesha usiku, akageuka tabia, apimwe malale. Ugonjwa huo huvuruga saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo, na aina ya huku kwetu mashariki huenda haraka, kwa miezi na si miaka. Usipotibiwa huua.

Yule mama, kabla hatujaondoka, aliuliza swali alilokuwa analo tangu mwanzo. “Leo usiku nimimine, au nisimimine?” Tulimwambia amimine kama kawaida, asimnyime ghafla wala asiongeze, na mapema wiki inayofuata waende wote wawili hospitali ya Biharamulo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, nadhani alisikia zaidi ya tulivyodhani. Alisema tu: “Nitakwenda kama hawataniuliza mbele za watu.” Tukamwahidi kumwandikia daktari barua, na tukaiandika palepale.

Jumatatu walipanda gari. Mama alikifunga kile kikombe katika kanga na kukitia kwenye kikapu, ili daktari auone ukubwa wake kwa macho yake.